Eksi Tisa za Kalamu ya Bluu

Mwezi uliopita Sechelela alinipigia simu akiwa shambani Makutupora. Hakusalimia, hajawahi kuwa mtu wa salamu ndefu. "Kaka Idrisa, njoo ule zabibu kabla ndege hawajazimaliza," akasema, akakata. Nilifunga steshenari yangu ya Chimwaga, duka la kuchapa na kutoa nakala, saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya siku ya kazi isipokuwa nikiwa mgonjwa, nikakodi pikipiki hadi kule. Nilimkuta amesimama mwisho wa mstari wa mizabibu, kofia ya majani kichwani, daftari mkononi, akiita majina ya wachumaji kwa sauti ambayo miaka kumi iliyopita hakuna aliyeamini kwamba anayo. Sasa ana miaka kumi na minane, na mwenye shamba amempa kazi ya kutunza mahudhurio kwa sababu, alisema, huyu binti hasahau sura ya mtu. Mchana tulikaa kwenye kibanda cha kupangia kreti. Aliweka daftari katikati yetu ili apate mikono miwili ya kula, na mimi, kama kawaida yangu, nikalisoma. Majina kumi na mawili. Kumi na moja yalikuwa na alama ya vema ya siku hiyo. Jina la nne lilikuwa na kisanduku kitupu. Mkono wangu ulianza kuwasha. Sitanii, uliwasha kweli, kwenye kidole cha shahada na gumba, pale kalamu inapokaa. Sechelela aliniona, akacheka, akalivutia daftari upande wake. "Bado unaumwa ugonjwa wako," akasema. "Kula kwanza."

Nimekuwa nikiufikiria ugonjwa wangu tangu siku ile, na nimeona bora niandike habari za mwaka ulioniponya nusu. Ya ukoo wangu nayaacha. Hayana hatia katika jambo hili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa Bi Zuhura, huko Mkonze, Dodoma. Bi Zuhura alikuwa mwanamke wa mjini, wa familia za biashara za zamani, aliyehamia pembezoni na vyungu vyake vyote, na hapo uani alikuwa akikaanga karanga za kuuza. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo, na magunia matatu ya karanga ambayo hayakuwa yangu. Dirisha lilitazama jikoni, kwa hiyo nguo zangu zote zilinukia karanga, na hadi leo nikisikia harufu ile huwa natamani kuandika. Kidato cha nne nilikimaliza kwa matokeo ambayo sitayataja hata hapa, ambapo nimeahidi kusema yote. Kompyuta nilijifunza kwa kuchora vitufe vyake kwenye ubao wa boksi la sabuni na kuvibonyeza kila asubuhi huku nimefumba macho, miezi saba, kabla sijagusa kompyuta yenyewe. Na sheria nilijifunza kwa karanga. Dodoma ni mji wa karatasi. Ofisi zikishatupa karatasi zake, kuna watu huziokota wakaziuza, na wauza karanga huzinunua kwa ajili ya kufungia. Bi Zuhura alikuwa na rundo lake kwenye kona ya jiko, na mimi nilikuwa nalichambua kabla hajalikata: vipande vya miswada, kanuni, mihutasari ya vikao. Sikuwahi kupata muswada mzima. Nilivijua kifungu cha saba hadi cha kumi na moja cha jambo fulani bila kujua jambo lenyewe ni nini. "Wewe Idrisa!" Bi Zuhura alikuwa akiniita. "Karanga zinapoa, wewe unasoma vifungu! Nipe hiyo, kuna mteja." Nami nilimpa, nikiwa nimeshakariri.

Kwa karanga hizohizo nilipata kazi. Madam Perpetua, afisa ustawi wa jamii aliyehudumia mitaa ya upande wetu, alinunua karanga siku moja, akakuta zimefungwa kwenye karatasi niliyonakili mimi kwa mazoezi ya mwandiko. Alirudi kesho yake akaniulizia. "Aliyeandika hii ni mtu au mashine?" Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bi Zuhura. "Ni mtu," Bi Zuhura akasema, "lakini mchukue hivyohivyo." Basi nikawa karani wa muda kwenye ofisi ya mtaa mmoja ambao sitautaja. Kaya zenye hali ngumu zilikuwa zikipata ruzuku kila baada ya miezi miwili, na sharti mojawapo lilikuwa watoto waende shule. Kazi yangu ilikuwa kuchukua fomu za mahudhurio shuleni, kuzikagua, na kumpa Madam zipelekwe juu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao mwembamba: upande huu mimi, meza na mihuri, upande ule Madam, kabati, na birika la chai. Nilipenda sana kazi ile. Nilikuwa nafuta rula kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji. Nilikuwa nikikosea herufi moja naanza ukurasa upya. Madam alikuwa akisema nitakapooa nitampigia mke wangu muhuri.

Fomu za Mwalimu Yohana zilikuwa zinanitesa. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mzee aliyekaribia kustaafu, na alikuwa akizijaza magotini wakati wa chakula. Ile ya mwezi wa tatu ilikuja na uzi wa mlenda uliokaukia pembeni, na mwandiko ulioegemea kila upande. Nikaamua kuinakili kwenye fomu safi. Hakuna aliyeniagiza. Niliifanya kazi ile chumbani kwangu mchana wa Jumamosi, mlango umefungwa, na nakumbuka furaha niliyokuwa nayo, kama ya mtu anayevaa shati lililonyooshwa. Nilipofika jina la Sechelela, mtoto wa miaka minane, nikakuta vema, vema, halafu visanduku tisa havina kitu. Si vema, si eksi. Nikavitazama. Nikajiambia Mwalimu amesahau. Fomu inasema aliyekuwepo awekewe vema na asiyekuwepo awekewe eksi. Haisemi kitu kingine, na mimi nilikuwa mtu wa yanayosemwa na karatasi. Kama angekuwepo Mwalimu angeweka vema. Hivyo hakuwepo. Nikaweka eksi tisa za kalamu ya bluu, zote ukubwa mmoja. Jumatatu Madam aliitazama fomu yangu kwa mbali akasema, "Kazi safi hii," akaibandika ukutani nakala yake iwe mfano kwa wengine. Nakiri kwamba wiki ile nilipita mbele ya ukuta ule mara nyingi kuliko zilivyohitajika.

Nilichokuwa sikijui ni desturi ambayo haikuandikwa popote. Walimu wa pale na Madam walikuwa wamekubaliana zamani: mtoto anayekosa darasa kwa maradhi yasiyo na kidonda, yule anayepiga mayowe, anayejificha, anayekimbia vishindo, kisanduku chake kiachwe wazi. Wazi maana yake ulizeni kwanza. Madam alikuwa akiona kisanduku kitupu anakwenda nyumbani kwa mtoto, anaona hali, ndipo anaandika sababu. Eksi haina maswali. Eksi ni utoro. Mwezi wa tano orodha ikarudi, na jina la bibi yake Sechelela, Bibi Foibe, lilikuwa limesimamishwa. Mimi nilikuwa upande wangu wa ubao, nagonga mihuri, niliposikia sauti ya Madam. "Mwalimu, umenifanyia nini? Eksi tisa?" Na Mwalimu Yohana akajibu, "Mimi? Na umri huu nimwekee eksi mjukuu wa Foibe?" "Basi ziliota zenyewe." "Nionyeshe. Hapana, Madam, huu si mwandiko wangu. Wangu ni kuku kapita." Nikasikia karatasi inageuzwa. Halafu, "Idrisa! Njoo." Niliingia na muhuri mkononi. Madam akaniuliza kama fomu ile niliinakili kama ilivyo. Nikasema ndiyo. "Hukuongeza kitu?" "Sikuongeza kitu, Madam." Mwalimu Yohana alinitazama. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, polepole, akasema, "Basi labda nilikuwa nimechoka." Fomu yake ya kwanza, yenye uzi wa mlenda na visanduku tisa vitupu, ilikuwa chini ya godoro langu, kwa sababu sijawahi kutupa karatasi.

Barua ya kusimamishwa niliichapa mimi, na kuipeleka nilitumwa mimi. Nyumba ya Bibi Foibe ilikuwa ya tope, ya bapa, ya zamani, yenye ua mdogo uliofagiliwa hadi ukang'aa. "Mbukwenyi!" akaniita kabla sijapiga hodi, nami nikajibu "Mbukwa," neno pekee la Kigogo nililolimudu, kisha nikamwamkia shikamoo ili nisikosee. Alinikalisha kwenye kigoda ndani, pembeni ya kihenge cha uwele. Hakujua kusoma, kwa hiyo niliisoma barua kwa sauti, barua yangu mwenyewe, kila neno nililolichagua. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akisonga ugali. "Utoro?" akasema. "Huyu haendi popote. Mtoro ni yule anayekwenda kutega ndege." Aliupakua ugali wa uwele na bakuli la mlenda, akaniamuru kunawa. Nilisema nimeshiba. "Wewe umeleta barua mbaya, unataka na chakula ukikatae?" Nikala. Kila nikiinua tonge, mlenda ulinivutikia hadi kidevuni, nami sikuwa na kitambaa. Akanieleza bila kukasirika, kama anayemwelekeza mgeni njia. Sechelela alikuwa akisikia kiti kinaburuzwa anaingia chini ya dawati, na akitolewa kwa nguvu anapiga mayowe hadi anatapika. Huko mjini kulikuwa na nesi wa watoto wa namna hiyo. Kila Jumanne ya pili walikwenda. Nesi alimfundisha Bibi kumshika mtoto nyayo hali inapoanza, na akasema siku mbaya asilazimishwe darasani, siku nzuri akae kidogokidogo. Mwezi wa tatu alikuwa amefikia kukaa hadi mapumziko ya uji. Ruzuku ilikuwa nauli ya kwenda kwa nesi, na unga. "Bila nauli hakuna nesi," Bibi Foibe akasema. "Bila nesi hakuna shule. Bila shule ninyi hamtoi. Sasa nipitie mlango upi, mjukuu wangu?"

Wakati huo ndipo nilipomwona Sechelela mwenyewe. Alikuwa nyuma ya kihenge muda wote, amechuchumaa, akipanga vizibo vya soda ardhini kwa rangi: vyekundu, vya kijani, vya manjano, mistari iliyonyooka kuliko ya rula yangu. Moyo wangu ulimwendea palepale. Nilifikiri, huyu ni mwenzangu. Nikasogea, nikachuchumaa. Hakukimbia. Katikati ya mstari wa kijani kulikuwa na nafasi ya kizibo kimoja, na pembeni kizibo kimoja cha kijani kilikuwa kimekaa bure. Nikakiokota nikakiweka. Sijui nilitegemea shukrani gani. Alipiga ukelele ulionizibua masikio, akavuruga vizibo vyote kwa mikono miwili, kisha akaukamata mkono wangu wa kuume akauma, hapa chini ya gumba, na hakuuachia hadi Bibi Foibe alipokuja akamshika nyayo na kumwimbia kitu kifupi kinachojirudia. Ilichukua muda mrefu. Alipotulia, Bibi akaniambia, "Pale hapaguswi." Nikamuuliza pale ni pa nini. "Mimi sijui ni pa nini. Najua tu hapaguswi."

Bi Zuhura aliniosha mkono kwa maji ya chumvi. "Umegombana na nani?" "Na mtoto." "Nani kashinda?" "Yeye." Nikamwambia yote, hata fomu iliyo chini ya godoro. Alikaanga sufuria nzima ya karanga kabla hajajibu. "Kamwambie Madam." Nikasema nitafukuzwa. "Utafukuzwa," akakubali. "Utarudi hapa ukaange karanga. Kuna aliyekufa kwa kukaanga karanga?" Nikasema nitakwenda kesho. Sikwenda kesho, wala keshokutwa. Mtu anayeogopa kukosea, nimegundua, haogopi sana kosa lenyewe. Anaogopa kuonekana nalo. Niliendelea kumwamkia Mwalimu Yohana shikamoo kila nilipokwenda shuleni, naye akaitikia marahaba kwa sauti ileile, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniumiza kuliko meno ya mtoto.

Mwezi wa sita Madam alikuja na habari. Kulikuwa na muswada unaogusa afya ya akili ya watoto na misaada ya kaya zao, na maoni yangepokelewa kwenye ukumbi mmoja wa chuo huko Chimwaga. Walitaka kusikia na familia zenyewe, si wataalamu tu. Kifungu kimoja, alisema, kilikuwa kinataka kaya yenye mtoto mtoro isimamishiwe msaada moja kwa moja, basi. Madam alitaka Bibi Foibe akaseme habari zake, na kwa kuwa Bibi aliona haya kusema Kiswahili mbele ya wakubwa, mimi ningeandika na kusoma kwa niaba yake. "Si ndiye wewe unayejua vifungu vya karanga?" Nilikuwa na siku tisa. Niliandika rasimu kumi na nne. Kila niliyoitupa Bi Zuhura aliikata akafungia, na kabla ya wiki kuisha vijana wa pikipiki walikuwa wakinipigia kelele barabarani: "Mheshimiwa! Ukurasa wa pili uko wapi? Karanga zimeisha na hatujajua mtoto alipona au vipi!" Mama mmoja muuza mchicha alikuja hadi uani kuniambia kwamba na yeye ana wa hivyo, wa kiume, na hajawahi kumwambia mtu. Nilimwandika kwenye rasimu ya kumi na moja, bila jina. Rasimu ya kumi na nne ilikuwa safi kabisa. Ilisema kwamba, kwa bahati mbaya, katika fomu ya mtoto husika alama ya utoro iliwekwa kimakosa. Nilikuwa nimejifunza kuandika hivyo kwenye karatasi za karanga. Mambo huwekwa, huamuliwa, husahaulika, na hakuna mtu mahali popote.

Ukumbi ulikuwa na viti vya kukunja ambavyo mtu akiinuka vinajipiga nyuma kwa kishindo. Sechelela alisikia kiti cha kwanza tu, akaenda kukaa sakafuni mlangoni na vizibo vyake, na hakuna aliyemsumbua. Bibi Foibe alikaa mbele, amevaa viatu vya kanisani. Mwalimu Yohana alikuwa amekuja pia, safu ya tatu, na alikuwa amechomekea shati. Nyuma yangu wataalamu wawili walinong'onezana, mmoja akilalamika kwamba sambusa zimepoa, mwingine akimwambia ashukuru zipo. Aliyeongoza kikao alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, mwenye tabia ya kuandika huku anakutazama. Akaniita, nikasimama. Nilisoma ukurasa wa kwanza vizuri, na wa pili. Nilipofika pale, nikasoma, "alama ya utoro iliwekwa kimakosa," nikaendelea na sentensi inayofuata, naye akainua kalamu. "Samahani kijana. Iliwekwa na nani?"

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida. Nadhani alitaka tu kujua kama ni mwalimu au ofisi, ili kifungu kirekebishwe panapohusika. Niliitazama karatasi yangu. Nikamwona Mwalimu Yohana anavua miwani yake, anaifuta kwa pindo la shati lililochomolewa, na nikajua kwamba nikinyamaza sekunde nyingine mbili atasimama aseme ni yeye. "Na mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, kwa hiyo nikalazimika kusema tena, na mara ya pili ilitoka kubwa mno. "Niliweka mimi. Mwalimu aliviacha visanduku wazi makusudi. Mimi nilidhani amesahau." Nikatoa ile fomu ya kwanza kutoka kwenye bahasha. Nilikuwa nimekuja nayo, ingawa kwenye rasimu zote kumi na nne sikuwa nimepanga kuionyesha. Nikaipeleka mbele, na uzi wake wa mlenda. Nikaeleza desturi ya kuacha wazi na maana yake, na kwamba haimo kwenye karatasi yoyote, na kwamba mtu kama mimi, anayejua yaliyoandikwa tu, ataivunja tena kesho akiwa na nia njema. Mama yule akaandika muda mrefu. Halafu akamuuliza Bibi Foibe kama ana la kuongeza. Bibi akasimama, akasahau haya zake. "Huyu kijana anaandika vizuri mno, ndiyo shida yake. Mwalimu anaandika vibaya, lakini mtoto anamjua. Basi ninyi mtafute wa katikati." Ukumbi ukacheka, na katika kicheko kile mimi pia nikacheka, na viti vikagonga, na mlangoni Sechelela akaziba masikio lakini hakupiga kelele.

Wakati wa chai Mwalimu Yohana alikuja na sambusa mbili, akanipa moja. Nilianza kuomba radhi, na nilikuwa nimepanga maneno mengi. "Nilijua," akanikata. "Mwandiko wangu mbovu, kumbukumbu yangu nzima. Nilikuwa nasubiri uchoke." Akala. "Umechukua muda, bwana." Tulipanda gari moja na Madam Perpetua hadi Mkonze. Aliposhuka akanigeukia. "Kesho saa mbili ofisini. Utaandika barua ya kusahihisha. Nakala moja, mara moja. Ukianza upya, ndipo nitakufukuza." Niliiandika mbele yake. Kwenye mstari wa tano nilikosea tarehe, nikakata kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake. Madam akaichukua, akaigonga muhuri juu ya kosa langu, akaiweka kwenye faili. Malipo yaliyofuata jina la Bibi Foibe lilikuwepo, na Jumanne ya pili wakaenda kwa nesi.

Fomu yangu ya mfano Madam aliibandua ukutani, na mimi akaniondoa kwenye meza. Hadi mkataba wangu ulipoisha, kazi yangu ilikuwa kutembea: kila kisanduku kitupu nikiendee kwa miguu, nikae, nisikilize, ndipo nirudi kumwambia. Ile ndiyo sehemu ya mwaka ninayoikumbuka kwa furaha. Nilikula ugali wa nyumba nyingi. Nilikunywa maziwa ya mgando kwenye vibuyu ambavyo sikuvikagua ndani. Nilijifunza kwamba watu hawasemi jambo lenyewe hadi sahani ziondolewe, na kwamba mtoto akikutazama mikono badala ya uso, umefika mahali pazuri. Kwa Bibi Foibe nilikwenda hata pasipo kisanduku. Sechelela alipanga vizibo vyake nami nilikaa hatua mbili kutoka kwake, mikono chini ya mapaja. Mwezi wa kumi na moja aliinuka, akatembea hatua zile mbili, akaniwekea kizibo kimoja cha kijani magotini, akarudi kwenye mistari yake. Darasani alikuwa amefikia kengele ya mwisho, siku nyingi, si zote.

Muswada ulipita baadaye. Sikualikwa popote, na sikuusikia redioni. Nilinunua karanga kwa Bi Zuhura, mwaka mwingine kabisa, nikafungua karatasi, na pale kwenye mafuta na chumvi kukawa na nusu ya kifungu kinachosema kwamba kabla ya kaya kusimamishwa kwa sababu ya mtoto, afisa ustawi atamtembelea mtoto huyo kwanza. Hayakuwa maneno yangu hata moja. Watu wengi walisema mengi ukumbini siku ile na siku nyingine, na sidai kitu. Nilikula karanga zangu nimesimama hapohapo uani. Bi Zuhura akaniuliza nacheka nini, nikasema, "Leo nimeukuta mwisho."

Basi mwezi uliopita, Makutupora, tulipomaliza kula, sahani zikaondolewa, nikamuuliza Sechelela jina la nne ni la nani. Alitazama mizabibu kwanza. "Mama Joyce. Asubuhi alifika hadi getini, akasimama, akarudi. Hakugombana na mtu." Nikamuuliza atamwandika vipi. "Jioni nitapita kwake nikamuulize. Bibi ameniambia nisiende mikono mitupu, nimpelekee zabibu." Kisha akanitazama mikono, si uso, akacheka tena, akalifungua daftari na kunisogezea pamoja na kalamu. "Chukua. Naona unawashwa. Jaza basi." Niliishika kalamu. Ilikuwa ya bluu. Nikaifunika kifuniko chake, nikamrudishia, na katika kumrudishia, kidole changu chenye maji ya zabibu kikagusa ukurasa, kikaacha doa la zambarau pembeni ya kisanduku kitupu. Tuliliona wote wawili. Sikuomba kitambaa. Sechelela alilifunga daftari juu ya doa lile likiwa bado bichi, akaliweka kwapani, akaniambia nimbebee kreti ya Mama Joyce.